Dawa Hutoka Wapi? Magome, Majani na Damu ya Waliopona

Barabara itokayo mji wa Kasese huelekea kusini hadi Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, kisha hugeuka magharibi kwenda Bwera na Mpondwe, penye mpaka wa Uganda na Kongo. Kulia kwa msafiri huonekana milima ya Rwenzori. Kushoto kwake hutandaa mbuga na maziwa. Ni nchi ya mito mingi iteremkayo kutoka mlimani, ya mashamba ya pamba na kahawa, na kwa bahati mbaya ni nchi ya mbu pia.

Katika nchi hiyo, mtoto akishikwa na homa usiku, mama wa nyumbani huwa na njia mbili mbele yake. Njia moja huenda bustanini, ambako humea kichaka kichungu ambacho watu wa Ankole na Toro hukiita omubirizi, na Waganda mululuza. Njia ya pili huenda zahanati, ambako atapewa vidonge vya manjano vyenye artemetha na lumefantrini. Wako wanaoshika njia zote mbili kwa pamoja. Wako pia, na hawa si wachache, wanaompa mgonjwa vidonge hivyo siku moja tu, kisha wakiona homa imeshuka huvificha vilivyobaki ndani ya kopo ili vimfae mdogo wake mwezi ujao.

Yafaa basi tujiulize: ni kitu gani hasa kinachofanya jani au gome liwe dawa? Na kwa nini vidonge vya kwenye kopo, ingawa ni dawa ile ile iliyotoka zahanati, vimekwisha kupoteza kazi yake?

UFUNGUO NA KUFULI

Mwaka 1894 mtaalamu wa kemia wa Kijerumani, Emil Fischer, alieleza jinsi vitu vilivyomo mwilini vinavyoshikana kwa mfano wa ufunguo na kufuli. Mfano huo umedumu hadi leo, maana ni mwepisi kueleweka na una ukweli ndani yake. Kila kijidudu cha ugonjwa kina kazi zake za lazima: kula, kuzaana, kupenya ndani ya chembe za mwili. Kila kazi ina mahali pake, napo ni kama kufuli. Dawa ni kitu chenye umbo la kuingia katika kufuli hilo na kulikwamisha, bila kuharibu makufuli ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Sharti hili la mwisho ndilo gumu. Sumu za kuua vijidudu ni nyingi mno duniani, lakini zile zinazoua kijidudu zikamwacha mgonjwa mzima ni chache.

Mfano wa karibu kabisa wa jambo hili ulionekana pale pale Bwera. Tarehe 11 Juni 2019 ilitangazwa kwamba mtoto wa miaka 5, aliyevuka mpaka kutoka Kongo pamoja na jamaa zake, amethibitishwa kuwa na Ebola. Alipelekwa kwanza katika hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa katika kituo cha kutengwa wagonjwa huko Bwera, na hapo akafariki. Bibi yake naye akafariki, na mdogo wake wa miaka 3 vilevile. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo, msichana wa miaka 9 aliyegunduliwa penye mpaka wa Mpondwe alifia Bwera. Ugonjwa haukuenea Uganda, kwa sababu wahudumu wa afya wa mpakani walikuwa wameanza kuchanjwa tangu Novemba 2018, na watu waliokutana na wagonjwa walitafutwa haraka nao wakachanjwa.

Wakati huo huo, ng'ambo ya mpaka, katika miji ya Beni na Butembo na vitongoji vyake, dawa nne za Ebola zilikuwa zikijaribiwa kwa wagonjwa. Jaribio hilo lilianza Novemba 2018. Agosti 2019 lilisimamishwa kwa sababu njema: dawa mbili zilikuwa zimekwisha kujidhihirisha kuwa bora kuliko nyingine. Katika kundi moja la wagonjwa waliopewa dawa za zamani, watu 50 kati ya 100 walikufa. Katika jingine, 53. Katika makundi ya dawa mbili zilizoshinda, waliokufa walikuwa 35 na 34 kati ya 100. Na miongoni mwa wale waliopata dawa hizo bora wakiwa bado na virusi vichache katika damu, aliyekufa alikuwa kama mtu mmoja kati ya 10.

Mojawapo ya dawa hizo mbili, iliyoitwa mAb114, haikutoka katika jani wala gome. Ilitoka katika damu ya Mkongo. Mwaka 1995 Ebola iliuangukia mji wa Kikwit na kuua zaidi ya watu 240. Daktari Jean-Jacques Muyembe na wenzake, wakiwa hawana dawa yoyote mkononi, waliwatilia wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. 7 kati yao walinusurika. Wataalamu wengi wa ng'ambo hawakusadiki, nao walikuwa na hoja, kwa kuwa wagonjwa 8 ni wachache na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hata hivyo wazo halikufa. Miaka 11 baadaye ilichukuliwa damu ya mtu aliyenusurika Kikwit, na baada ya kazi ndefu katika maabara za Marekani na Uswisi ikapatikana humo kingamwili moja iliyoshika barabara ile sehemu ya kirusi ambayo kirusi huitumia kama ufunguo wa kuingilia katika chembe za mwili. Miaka 11, na mwili wa mtu yule ulikuwa bado unakumbuka! Kingamwili hiyo ikatengenezwa kwa wingi, ikapimwa, na mnamo Desemba 2020 ikaidhinishwa rasmi kuwa dawa.

Lakini ufunguo hufungua kufuli lake tu. Upande wa pili wa Rwenzori, katika wilaya ya Bundibugyo, mwaka 2007 ulizuka ugonjwa uliokuwa Ebola ya jamii nyingine, ambayo imepewa jina la wilaya hiyo. Ebola iliyotokea Mubende mwaka 2022, na ile ya Kampala mwaka 2025, ilikuwa ya jamii ya Sudan. Kwa jamii hizo mbili mAb114 haifai kitu, kwa sababu umbo la kirusi limetofautiana kidogo. Ndiyo maana daktari hatoi dawa kabla ya kupima, hata pale ambapo ugonjwa unaonekana wazi kwa macho.

GOME LILILOPIGANA VITA

Ebola ni ugonjwa wa kutisha ujao kwa nadra. Malaria ni ya kila siku, na historia ya dawa zake ni ndefu zaidi. Jambo ambalo wasomaji wa kambini watalitambua upesi ni kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ni historia ya majeshi.

Dawa ya kwanza ya uhakika ilitoka katika magome ya mkwinini, mti wa milima ya Amerika ya Kusini. Kwa muda wa miaka kama 200 watu walisaga gome na kulinywa bila kujua kilichomo. Gome moja lilikuwa kali, jingine halina nguvu, na mgonjwa hakuwa na njia ya kutofautisha. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kukitenga kitu chenyewe kitibucho, nacho ndicho kwinini. Tangu siku hiyo daktari aliweza kupima kwa mizani. Hapo ndipo gome lilipogeuka dawa kwa maana kamili ya neno, yaani kitu kinachojulikana, kwa kipimo kinachojulikana.

Kijana mmoja wa Kiingereza, William Perkin, alijaribu mwaka 1856 kuitengeneza kwinini kwa mikono yake akiwa na umri wa miaka 18. Alishindwa kabisa, ila katika vyombo vyake aliambulia rangi nzuri ya zambarau iliyomtajirisha. Kicheko hicho cha historia kilikuwa na mwisho wake: viwanda vya rangi vilivyofuata ndivyo vilivyozaa dawa nyingi za baadaye. Mwaka 1891 Mjerumani Paul Ehrlich aliona kwamba rangi fulani ya buluu huvishika vijidudu vya malaria, akawapa wagonjwa wawili, nao wakapata nafuu.

Miti ya mkwinini ilipandwa kwa wingi katika kisiwa cha Java, hata karibu kwinini yote ya dunia ikawa inatoka huko. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, majeshi ya Waingereza na Wamarekani yalibaki bila kwinini. Ikabidi itumike mepakrini, dawa ya viwandani iliyotokana na kazi ya wale watengeneza rangi. Askari wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasa waliopigana Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki waliijua vizuri, maana iligeuza ngozi kuwa ya manjano. Askari wengi waliichukia. Jenerali Slim, aliyeongoza Jeshi la 14, hakubishana nao. Aliamuru vikosi vikaguliwe kwa ghafula, na kamanda ambaye askari wake hawakuwa wamemeza dawa aliondolewa katika cheo chake.

Mkwinini ulipandwa pia katika nyanda za juu za Kivu, si mbali sana na Kasese, na kiwanda cha Pharmakina huko Bukavu kimetengeneza kwinini ya magome kwa miongo mingi. Hata hivyo baada ya vita ilitawala klorokwini, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1934. Ilikuwa rahisi na salama, na kila duka liliiuza. Watu waliinunua vidonge viwili leo, kimoja kesho. Baada ya miaka kadhaa vijidudu viliizoea, na mwaka 2004 Uganda ikaamua kuiacha kama dawa ya kwanza ya malaria.

PAKANGA YA KICHINA

Dawa iliyoshika nafasi yake nayo ilizaliwa vitani. Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri kwa ajili ya askari wa Vietnam ya Kaskazini, waliokuwa wakiuawa na malaria msituni. Mtafiti Tu Youyou alikusanya na wenzake maagizo zaidi ya 2,000 ya waganga wa jadi. Mmea mmoja, aina ya pakanga, ulionyesha nguvu, kisha katika majaribio yaliyofuata nguvu ikapotea. Bibi Tu alirudi kwenye vitabu vya zamani. Katika kitabu cha karne ya 4 alikuta kwamba mganga wa kale hakuchemsha majani. Aliyaloweka katika maji, akayakamua, akatoa maji mabichi. Akatambua kwamba moto ndio ulioua dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto la chini ya lile la mwili wa binadamu, na Oktoba 1971 akapata maji ya dawa yaliyoua vijidudu vyote katika wanyama wa majaribio. Mwaka uliofuata, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, yeye na wenzake waliinywa wenyewe kuona kama ina madhara. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kitu kilichomo katika pakanga hiyo, artemisinini, kina kiungo cha oksijeni mbili zilizoshikana kama daraja. Kijidudu cha malaria hula hemoglobini ya damu, na kwa kula huko hujirundikia madini ya chuma. Chuma kikigusa daraja lile, daraja huvunjika na kuziunguza sehemu za kijidudu. Chembe za damu zisizo na kijidudu hazina chuma cha namna hiyo kilichoachwa huru, kwa hiyo husalimika. Kwa mfano wa Fischer, hapa ufunguo hauingii tu katika kufuli. Hulipuka ndani yake.

Kasoro ilikuwa kwamba artemisinini haiyeyuki vizuri, si katika maji wala katika mafuta. Hapo ndipo ilipohitajika kazi ya ubunifu. Wataalamu waliiacha sehemu ya daraja bila kuigusa, wakabadili pembe nyingine ya molekuli. Badiliko moja lilitoa artemetha, inayokubali mafuta. Jingine lilitoa artesuneti, inayokubali maji na hivyo kufaa kupigwa sindano katika mshipa. Jaribio kubwa la watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, na hospitali ya Mbarara ikiwa mojawapo ya vituo vyake, lilionyesha mwaka 2010 kwamba kwa sindano ya artesuneti walikufa watoto 8.5 katika kila 100, na kwa kwinini 10.9. Mtoto anayedegedeka, asiyeweza kunywa au aliyepoteza fahamu asingojeshwe nyumbani kwa vidonge wala kwa majani. Sindano hiyo ndiyo haki yake, na iko hospitali.

KIKOMBE CHA OMUBIRIZI

Je, omubirizi hauna kitu? Kusema hivyo kungekuwa dharau isiyo na msingi. Huko Mahale, Tanzania, mwaka 1987, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike mgonjwa, aliyeitwa Chausiku, akimenya na kutafuna moyo wa mmea huo huo, na baada ya kama siku moja akawa mzima. Uchungu wake umechunguzwa na vitu vyenye nguvu dhidi ya minyoo na vijidudu vimepatikana humo. Ulipojaribiwa kwa wagonjwa wenye malaria isiyo kali, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, kama thuluthi mbili walipata nafuu. Lakini damu ilipotazamwa, wengi wa hao waliojisikia vizuri walikuwa bado na vijidudu.

Hapo ndipo palipo na hatari kwa mtoto. Mtu mzima aliyekulia Bwera ameumwa na mbu maelfu ya mara na mwili wake una kinga kiasi. Nafuu kidogo humtosha kusimama. Mtoto wa miaka 2 hana kinga hiyo. Isitoshe, kikombe cha majani hakina kipimo. Majani ya masika si sawa na ya kiangazi, konzi ya mama si sawa na konzi ya shangazi. Na wale wanaopanda pakanga ya Kichina na kuichemsha kama chai wanafanya lile hasa ambalo Bibi Tu aligundua kuwa ni kosa. Shirika la Afya Duniani limekataza chai hiyo isitumike kutibu wala kuzuia malaria, kwa kuwa dawa iliyomo ni kidogo na haitabiriki.

Dozi ya zahanati imepangwa kwa sababu ambazo kila mlezi anaweza kuzielewa. Artemetha hupiga kwa ukali sana, lakini baada ya saa chache imekwisha mwilini. Lumefantrini ni ya taratibu. Hukaa siku kadhaa. Ya kwanza ni kikosi cha kushambulia, ya pili ni kikosi cha kulinda eneo lililotekwa. Kwa hiyo hupewa kwa mara 6 katika siku 3. Mgonjwa akimeza mara ya kwanza saa 2 usiku, mara ya pili ni saa 10 alfajiri, hata kama amelala fofofo. Ya tatu ni saa 2 usiku wa siku ya pili, na baada ya hapo kila zipitapo saa 12. Idadi ya vidonge kila mara hufuata uzito: kimoja kwa mtoto wa kilo 5 ambaye hajafikia 15, viwili kwa asiyefikia 25, vitatu kwa asiyefikia 35, na vinne kwa zaidi ya hapo.

Jambo moja husahauliwa hata na wauza dawa: lumefantrini hupita vizuri tumboni ikiwa ipo pamoja na mafuta. Kwa uji mtupu sehemu kubwa yake hupotea. Kikombe cha maziwa, uji wenye karanga zilizosagwa, au kipande cha parachichi chatosha. Mtoto akitapika ndani ya saa moja, arudishwe kwa mhudumu wa afya apewe nyingine.

Aliyeacha dawa siku ya kwanza ameondoa kikosi cha kulinda. Vijidudu vilivyobaki ni vile vilivyovumilia shambulio, navyo ndivyo vitakavyozaana na kubebwa na mbu hadi kwa jirani. Si tishio la vitabuni tu. Rwanda ilithibitisha mwaka 2020 kuwapo kwa vijidudu vyenye alama ya usugu. Huko Gulu, katika uchunguzi wa miaka 2017 hadi 2019, wagonjwa 14 kati ya 240 waliopewa artesuneti walichelewa kusafika damu. Dawa bado inaponya, ila kwa sasa lumefantrini imebeba mzigo mkubwa kuliko zamani.

Ghala la asili nalo lina mwisho. Katika misitu ya milimani humea Prunus africana, ambao gome lake hununuliwa Ulaya kwa ajili ya wazee wenye shida ya kukojoa. Mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa. Biashara yake imewekewa masharti ya kimataifa tangu 1995. Msokonoi, ambao gome lake hutafunwa kwa kikohozi, hupatwa na balaa hilo hilo karibu na vijiji. Katika miaka ya 1970 watafiti waliokuwa Nairobi walipata ndani ya msokonoi kitu kinachowazuia viwavijeshi wasile mimea. Anayehitaji dawa yake achukue ubao mdogo wa gome upande mmoja tu, au afadhali majani, maana uchunguzi umeonyesha kwamba majani ya msokonoi nayo yana nguvu.

Utafutaji unaendelea kwa njia zote. Katika Wandegeya, Kampala, Wizara ya Afya ina maabara ya kuchunguza dawa za asili, na tangu 2019 nchi ina sheria ya tiba za jadi. Kwingineko, kiwanda cha Novartis kilichuja zaidi ya vitu milioni 2 kabla ya kukipata ganaplasidi, ambacho hakikutokana na mmea wowote. Novemba 2025 yalitangazwa matokeo ya kukijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 katika nchi 12 za Afrika, nayo yalikuwa mazuri. Hutolewa kama chengachenga ndani ya pakiti, mara moja kwa siku, kwa siku 3. Mwenzake aliyechanganywa naye ni lumefantrini ile ile.